Sindano Mbili za Seoul

Usiku wa tarehe 4 Disemba 1884, karamu ya kufungua posta mpya mjini Seoul ilikatizwa kwa mapanga. Waliokusudia kuipindua serikali walimcharanga Min Yong-ik, jamaa wa karibu wa malkia, wakamwacha damu zikimchuruzika. Alikimbizwa nyumbani kwa Paul Georg von Möllendorff, Mjerumani aliyekuwa mshauri wa serikali, na hapo ndipo alipoitwa Horace Allen, tabibu wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 26, ambaye hakuwa ametimiza hata miezi mitatu nchini Korea. Allen alikuwa mmishenari. Lakini kwa kuwa kuhubiri kulikatazwa, alijulikana kuwa ni tabibu wa ubalozi tu.

Alimkuta majeruhi amezungukwa na waganga wa Kikorea zaidi ya kumi, nao wamo mbioni kuyaziba majeraha kwa nta. Allen akatoa sindano na uzi. Wale wakapinga, yeye akashona. Baada ya miezi kama mitatu Min alikuwa mzima.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kuwa ni ushindi wa elimu juu ya ujinga, na msimulizi wa kwanza ni yule yule aliyeishika sindano. Waganga wale hawakutuachia neno. Hata hivyo, tukiwaonea haki, hawakuwa watu wasiosoma. Kitabu chao kikubwa, Donguibogam, kilichotungwa na Heo Jun na kuchapwa mwaka 1613, kina juzuu 25. Walijua kuusikiliza mshipa wa mkono kwa ncha za vidole, kuchanganya mizizi na magome, kumpa mnyonge mzizi wa insam, kuchoma majani makavu juu ya ngozi, na kudunga sindano zao wenyewe, nyembamba, zisizovuta uzi. Kupasua ndiko kulikokuwa mbali nao, kwani kwa mafundisho ya Confucius mwili ni amana ya wazazi, haukatwi ovyo. (Si kwamba hawakukata kabisa: katika karne ya 17, Baek Gwang-hyeon, aliyeanza kwa kutibu farasi, alipanda hadi kuwa tabibu wa mfalme kwa umahiri wa kupasua majipu.) Basi mgeni aliwakuta katika saa ambayo elimu yao ilikuwa dhaifu kuliko zote, mbele ya jeraha la upanga, na kwa saa hiyo moja wakahukumiwa.

Mfalme Gojong alimshukuru Allen kwa hospitali. Ilifunguliwa Aprili 1885, katika nyumba ya Hong Yong-sik, mmoja wa viongozi wa uasi ule ule, aliyekwisha kuuawa. Punde ikaitwa Jejungwon, nyumba ya kuwasaidia walio wengi. Katika mwaka wa kwanza wagonjwa walipita 10,000. Waliompinga usiku ule walikuwa matabibu. Watu wa kawaida hawakusita kupanga foleni.

Jambo moja lingemshangaza msomaji wa pwani kuliko lilivyomshangaza Mmarekani. Wakorea waliuita ugonjwa wa ndui “mama”, neno la heshima wanaloitiwa watu wa nyumba ya kifalme, na pia waliuita “mgeni”. Roho wa ndui alikaribishwa, akabembelezwa, asitukanwe. Na mtoto akipona, mgeni alisindikizwa kwa farasi wa majani makavu. Sisi tusemao mgeni njoo, mwenyeji apone, hatukuwahi kumfikiria mgeni wa namna hiyo. Chanjo nayo haikumngoja Allen: Ji Seok-yeong, Mkorea, alikwisha kujifunza kuchanja na kuanza kazi hiyo mwaka 1879.

Lililofuata halikuwa kosa la Allen. Mwaka 1913 watawala wa Kijapani waliwashusha matabibu wa jadi wakawa “wanafunzi wa utabibu” kwa jina na kwa cheo, ingawa wengine walikuwa wazee wenye mvi. Sheria ya Korea Kusini ya mwaka 1951 ndiyo iliyowarudishia daraja ya utabibu, na leo wana vyuo, leseni na hospitali zao, pembeni mwa madaktari wa kizungu.

Allen mwenyewe aliacha utabibu mapema. Mwaka 1890 aliingia katika kazi ya ubalozi, akapanda hadi kuwa mwakilishi wa Marekani, na mwaka 1905 akaitwa kwao. Sindano yake aliiweka chini. Ile nyingine, nyembamba isiyovuta uzi, ingali ikidungwa Seoul.