Keja Mbili za London, na Wapangaji Wawili Walioziweka kwa Ramani

Wasee, mtu akitaja majumba ya kihistoria ya Uingereza, tunawaza makasri na mabwana wenye mashamba. Mimi nitawapeleka Brook Street, mtaa wa Mayfair, London, kwa nyumba mbili zilizoshikana: nambari 23 na 25.

Zilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1720. Moto wa 1666 ulikuwa umeteketeza sehemu kubwa ya London, na sheria ya 1667 ikataka jiji lijengwe upya kwa matofali na mawe. Mtindo huo ukaenea. Ndio maana ukuta wa mbele ni matofali tupu na madirisha yaliyopangwa sawasawa, bila mbwembwe.

Ploti ni nyembamba, kwa hivyo nyumba inapanda juu. Jikoni iko chini ya ardhi. Juu yake ni pa kupokea wageni, kisha vyumba vizuri zaidi vya ghorofa ya kwanza, halafu pa kulala. Wafanyakazi walilala juu kabisa, karibu na paa. Yaani cheo chako kilijulikana kwa idadi ya ngazi.

Handel, mtunzi wa muziki aliyezaliwa Ujerumani, alihamia nambari 25 mwaka wa 1723. Humo ndimo alimoandika Messiah mwaka wa 1741, kwa wiki tatu na kitu. Alifariki humo humo 1759. Miaka 36, na muda wote alikuwa analipa kodi ya nyumba!

Karne ya 20 ghorofa za chini zikageuzwa za biashara, na juu watu wakapangishwa. Mwaka wa 1968, Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi na gitaa lake, akaingia flati ya juu ya nambari 23 na mpenzi wake. Kodi: pauni 30 kwa wiki. Alipojua jirani yake wa zamani alikuwa nani, akaenda kununua rekodi za Handel.

Leo zote mbili ni makumbusho. Ya Handel ilifunguliwa 2001, flati ya Hendrix 2016.

Maoni yangu ni haya: landilodi hakuzipa nyumba hizi jina. Wageni wawili waliokuwa wanalipa kodi ndio walizipa. Na zingebomolewa kwa sababu ni "za kawaida tu", hadithi yao ingekosa pa kukaa.

Sasa niambieni: mtaani kwenu, ni jengo gani la kawaida ambalo halifai kuguswa?