Asili ya Aljebra, na Hesabu ya Pembe Zitimizanazo

Katika vitabu vya hesabu vya shule imo sura ndogo ambayo wanafunzi wengi huipita kwa kukariri tu. Huambiwa ya kuwa pembe mbili zikijumlishwa zikapata digrii 90, zatimiza pembe mraba. Zikipata digrii 180, zatimiza mstari ulionyoka. Kisha huandikiwa herufi x, nao huitafuta pasipo kujua watafutalo. Twaona vema kueleza asili ya jambo hili, maana asili yake yaonyesha na njia ya kulifundisha.

Elimu ya pembe ni ya kale kuliko herufi hiyo. Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Euclid wa Alexandria, katika nchi ya Misri, alithibitisha ya kuwa mstari mmoja ukisimama juu ya mwingine, pembe mbili zilizo huku na huku ni sawa na pembe mraba mbili. Tena alithibitisha ya kuwa pembe zote za pembetatu ni sawa na pembe mraba mbili. Basi pembetatu ikiwa na pembe mraba moja, zile mbili zilizobaki hujaza pembe mraba nyingine. Lakini hakutaja digrii hata moja. Kugawanya duara sehemu 360 kulitokana na hesabu ya Wababeli, waliohesabu kwa sitini sitini. Na Ptolemy, aliyekaa Alexandria karne ya pili baada ya Kristo, aliutumia mgawanyo huo katika kitabu chake cha nyota.

Njia ya kutafuta kisichojulikana ilipata jina lake Baghdad. Huko, zamani za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu 813 hata 833, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha al-jabr na al-muqabala. Hakukiandika kwa ajili ya pembe. Sehemu kubwa yake yahusu wasia na mirathi. Na jambo la kuangaliwa sana ni hili: hamna ndani yake alama ya hesabu hata moja. Yote yameandikwa kwa maneno. Kiasi kisichojulikana alikiita "kitu" au "mzizi", na mraba wake aliuita mal, ndilo neno letu "mali". Al-muqabala, yaani kuvielekeza viasi viwili na kuondoa kilicho sawa pande zote mbili, ni ndugu wa maneno yetu "mkabala" na "kukabili". Na al-jabr ni kurudisha kilichopunguka, kama kuunga mfupa uliovunjika. Hata katika Hispania mwunga mifupa aliitwa algebrista, na Cervantes alilitumia neno hilo kwa maana hiyo katika sehemu ya pili ya Don Quixote, iliyotoka mwaka 1615.

Alama tulizozizoea zilikuja nyuma sana. Mistari miwili ya usawa ilitolewa na Robert Recorde huko Uingereza mwaka 1557. Na desturi ya kuandika x, y na z kwa visivyojulikana ilienezwa na kitabu cha Descartes cha mwaka 1637.

Natujaribu mfano kwa njia ya kale. Pembe mbili zimekaa juu ya mstari ulionyoka. Kubwa ni mara nne ya ndogo, kasoro digrii 20. Ndogo na tuiite kitu. Basi kubwa ni vitu vinne kasoro 20, na zote pamoja ni vitu vitano kasoro 20, sawa na 180. Hapa pana upungufu, nasi twaujaza: twaongeza 20 upande huu na 20 upande wa pili. Hiyo ndiyo al-jabr. Vitu vitano ni 200, na kitu kimoja ni 40. Pembe ndogo ni digrii 40, kubwa ni 140, na jumla yake ni 180. Mtoto ajuaye kusema "saa tatu kasoro robo" amekwisha kulifahamu neno lililo gumu kupita yote katika hesabu hii.

Iko na shida ya majina. Katika Kilatini pembe hizi ziliitwa complementum na supplementum, na maneno yote mawili yatoka katika shina moja, maana yake kujaza. Si ajabu basi wanafunzi wakiyachanganya. Sisi tukisema "zatimiza mraba" na "zatimiza mstari", jina lenyewe lamkumbusha mtoto jumla anayoitaka.

Kwa hiyo mwalimu na aanze kwa maneno, na herufi ije mwisho, kama ilivyokuja zamani, iwe kifupisho cha neno ambalo mtoto amekwisha kulielewa. Na mtoto akikosa jibu, asimfutie hesabu yake upesi. Amwambie aisome kwa sauti, x akiiita kitu. Mara nyingi atasikia mwenyewe mahali alipoongeza upande mmoja akausahau wa pili.