Kuchagua vipuri vya kompyuta ya kuzidishwa kasi

Kuiendesha prosesa kupita kiwango kilichowekwa kiwandani si jambo geni. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A ya megahezi 300, na watumiaji wengi wakaifikisha 450 kwa kupandisha tu mwendo wa bodi mama kutoka megahezi 66 hadi 100.

Mlango huo umekwishabanwa. Kwa upande wa Intel, zinazokubali ni kwa kawaida zile zenye herufi K, tena katika bodi mama za kundi la Z. AMD imekuwa karimu zaidi: Ryzen za kompyuta za mezani karibu zote zimeachwa wazi, ila si katika bodi za A320 na A520.

Kosa kubwa, hata hivyo, ni kumalizia fedha kwenye prosesa. Umeme inaoutumia huongezeka kwa uwiano wa kasi, na kwa kipeo cha pili cha volteji. Kasi na volteji zikipandishwa kwa asilimia 10 kila moja, wati 100 huwa takriban 133. Umeme huo wote hupitia saketi za bodi mama zinazorekebisha volteji. Zikiwa dhaifu hupata moto, na prosesa hujipunguzia kasi yenyewe. Hapo mnunuzi amelipia bure.

Kwa hiyo bodi mama, kipoza joto na pawa saplai vitangulie katika bajeti. Kisha kasi ipandishwe kidogo kidogo, na kompyuta ijaribiwe kwa kazi nzito saa kadhaa kabla ya kukabidhiwa hesabu za ofisi, maana iliyozidishwa kasi huweza kukosea jibu bila kuzimika.