Nipe nikupe: dawa ya udoezi mtandaoni

Mdoezi huijua saa ya chakula ya kila nyumba isipokuwa yake. Kwenye mitandao ya kugawana mafaili, ambako kompyuta hupakuliana moja kwa moja bila kutegemea seva moja kuu, naye yupo: anapakua usiku kucha na hampakii mwenzake hata kipande. Mwaka 2000 watafiti Eytan Adar na Bernardo Huberman waliuchunguza mtandao wa Gnutella wakakuta karibu asilimia 70 ya watumiaji hawagawi faili lolote. Karibu nusu ya majibu yote ya utafutaji yalitoka kwenye asilimia 1 ya kompyuta zilizokuwa zikigawa.

Kazaa, mtandao mwingine wa aina hiyo, ilijaribu kumpa kila mtumiaji alama za ushiriki. Bahati mbaya alama hizo zilitangazwa na programu ya mtumiaji mwenyewe, na haukupita muda likazuka toleo lililochezewa, Kazaa Lite, lililojitangazia alama 1000 daima.

Bram Cohen, Mmarekani aliyetoa BitTorrent mwaka 2001, aliamua kutomwamini mtu kwa maneno yake. Programu yake huangalia kitu kimoja tu: imepokea kiasi gani, kutoka kwa nani. Kanuni hiyo aliiita tit for tat, na hapo ndipo mfasiri anapojikwaa. Ukikimbilia “jino kwa jino” umeleta kisasi, na humu hakuna anayeng'olewa jino. “Nipe nikupe” inakaa vizuri zaidi, ingawa wanasiasa wameitia doa la rushwa, kwa sababu inabeba hesabu ya papo kwa papo baina ya wawili.

Hesabu yenyewe iko hivi. Faili hukatwa vipande vidogo, na kila kompyuta huomba kwanza vile vilivyo adimu katika kundi, ili isikose cha kubadilishana. Kila baada ya sekunde 10 programu hutazama nani anayeipa kwa kasi kubwa, ikawapakia hao, kwa kawaida wanne. Waliobaki “hubanwa”. Kubanwa si kufukuzwa: mawasiliano yanaendelea, ila vipande haviendi mpaka mambo yabadilike. Kubana matumizi tunakujua, kwa hiyo kitenzi hiki kinafaa kuliko “kukaba”, ambacho kinanuka uhalifu.

Lakini mkono mtupu haulambwi. Mgeni aliyejiunga sasa hivi hana hata kipande kimoja. Atampa nani, apewe na nani? Cohen alimwachia mlango: nafasi moja hutolewa bila kujali mchango, na kila baada ya sekunde 30 hupewa mwingine. Nafasi hiyo humsaidia mgeni kuanza, na humwezesha mwenyeji kugundua washirika bora kuliko alionao. Mkakati wenyewe wa nipe nikupe ulikuwa na wema wa aina hiyo tangu zamani. Mtafiti Anatol Rapoport alipouingiza kwenye mashindano ya programu za kompyuta yaliyoandaliwa na mtafiti mwenzake Robert Axelrod, karibu na mwaka 1980, ulishinda kwa kuanza na hisani, kisha kumtendea mwenzake kama ulivyotendewa.

Hisani hiyohiyo ndiyo ufa. Mwaka 2006 watafiti wa ETH Zurich walitengeneza BitThief, programu isiyopakia chochote: ilijiunganisha na wenza wengi kadiri ilivyowezekana, ikaokota nafasi za bure, na bado ikapakua mafaili kwa kasi nzuri. Mwaka uliofuata ikaja BitTyrant ya Chuo Kikuu cha Washington, ambayo ilipakia, ila kwa kupima: ilimpa kila mwenza kiasi kidogo kabisa cha kumfanya asiibane.

Na kuna pengo ambalo nipe nikupe haiwezi kuliziba. Aliyemaliza kupakua hana tena cha kuomba, kwa hiyo akibaki kuwapakia wengine anafanya hivyo kwa hiari. Makundi mengine ya faragha yameongeza daftari lao: huandika jumla ya alichopakia kila mwanachama dhidi ya alichopakua, na uwiano ukishuka mno, akaunti hufungwa.