Miwani ya kusomea: lini ya dukani inatosha, na lini macho yapimwe

Mkazi wa Gihosha, mjini Bujumbura, anayelazimika kusogeza simu mbali na uso ili asome ujumbe, ana njia mbili mbele yake: kununua miwani ya kusomea iliyo tayari, au kupimwa macho na kutengenezewa miwani inayolingana na macho yake.

Hali hiyo huanza kwa wengi karibu na umri wa miaka 40. Lenzi iliyo ndani ya jicho hupoteza unyumbufu wake kadiri miaka inavyopita, na jicho hushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu Kongwa, nchini Tanzania, ulionyesha kuwa takriban watu 6 kati ya 10 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na tatizo hilo.

Athari zake hugusa riziki. Mshonaji hushindwa kutunga uzi, na mchuuzi hukosea kusoma noti. Nchini Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulibaini kuwa wafanyakazi waliopewa miwani ya kusomea walipata kipato kilichozidi cha wenzao wasiopewa kwa takriban theluthi moja.

Miwani ya dukani inamfaa mtu aliyepita miaka 40, anayeona mbali bila shida, na ambaye macho yake mawili yana nguvu sawa. Nguvu yake huandikwa kwa dayopta, kwa kawaida kuanzia +1.00 hadi +3.50. Mnunuzi ashike maandishi umbali wa sentimita 40 hivi, kisha achague nguvu ndogo kabisa inayomwezesha kusoma bila kukaza macho. Miwani hiyo haiharibu macho. Ikiwa na nguvu isiyofaa, inaweza kuleta maumivu ya kichwa na uchovu. Haifai kuvaliwa wakati wa kutembea au kuendesha gari, kwa kuwa vitu vya mbali huonekana kwa ukungu.

Lenzi zake mbili, hata hivyo, zina nguvu moja. Kwa hiyo haimsaidii ipasavyo mwenye macho yanayotofautiana, asiyeona mbali, au ambaye uso wa mbele wa jicho lake haukujipinda sawasawa. Hao wanahitaji miwani ya kupimwa, ambayo kila lenzi hutengenezwa kwa jicho lake, na kitovu chake hulinganishwa na mboni. Watoto pia wapimwe. Wasinunuliwe miwani ya dukani.

Kipimo kina faida nyingine. Mtaalamu wa macho huweza kugundua glakoma, maarufu kama presha ya macho, ambayo hupunguza uwezo wa kuona polepole bila maumivu, na uwezo uliopotea haurudi. Mtu anaweza kusoma vizuri kwa miwani ya dukani huku ugonjwa huo ukiendelea.

Kwa sababu hiyo, hata anayeridhika na miwani ya dukani anashauriwa kupimwa macho afikapo miaka 40, hasa akiwa na kisukari au ndugu mwenye glakoma. Anayepoteza uwezo wa kuona ghafla, anayeona mimweko ya mwanga au mwenye jicho jekundu linalouma asitafute miwani: aende hospitali siku hiyohiyo.