Kujibizana: Jinsi Jumuiya ya Wanablogu wa Kiswahili Ilivyozaliwa

Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutoka Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923, lilikuwa gazeti la serikali ya Mwingereza, na kukuza malenga haikuwa hasa nia yake. Lakini ukurasa wa mashairi ulipokwisha kufunguliwa, mambo yalikwenda njia yake. Malenga wa mji mmoja alitoa fumbo, na malenga wa mji wa mbali, asiyemjua hata kwa sura, akalifumbua kwa vina vile vile. Bila shaka wako waliofahamiana hivyo maisha yao yote wasionane.

Naanzia huko kwa sababu husikia ikisemwa kwamba jumuiya za wanablogu ni kitu kilicholetwa na kompyuta. Kwa maoni yangu kompyuta ilileta kasi tu.

Neno lenyewe lilipotufikia lilitusumbua: wako walioridhika na "blogu", na wako waliopendelea "gazeti tando". Miongoni mwa watangulizi alikuwa Ndesanjo Macha, mwandishi wa Kitanzania aliyekuwa akiishi Marekani, ambaye katika blogu yake, Jikomboe, alishikilia Kiswahili wakati Waafrika wengi wenye blogu waliandika Kiingereza. Lakini blogu moja, hata ikiwa nzuri vipi, si jumuiya. Jumuiya ilizaliwa pembeni mwa ukurasa, mahali pa orodha ya majina. Ikitokea blogu mpya, mwenyeji aliitaja na kuwaonyesha wasomaji wake njia ya kuifikia. Nao walikwenda kumkaribisha mgeni, kumsahihisha, na pengine kugombana naye. Mgeni alilipa fadhila kwa kuwataja wenziwe. Septemba 2005, mjini Helsinki, ni Ndesanjo huyo huyo aliyemsaidia mpiga picha Muhidin Issa Michuzi kufungua blogu, ambayo baadaye ikawa barza kubwa ya Watanzania, wa nyumbani na wa ughaibuni. Mwaka 2006 wanablogu wakaunda jumuiya yenye jina rasmi, JUMUWATA. Lakini jina lilikuja baada ya jambo lenyewe.

Mimi niliingia kwa mlango wa uani. Katika chumba cha intaneti cha mjini kwetu, ambako tulilipa kwa nusu saa, niliacha beti tatu chini ya maandishi ya mtu nisiyemjua. Niliporudi baada ya siku chache nilikuta wanne wamenijibu kwa beti, na mmoja wao amenikosoa: kibwagizo changu, kipande cha pili, kina mizani saba badala ya nane. Nilikasirika (mshairi gani hakasiriki?), kisha nikahesabu kwa vidole nikaona amesema kweli. Tangu siku ile nikawa mmoja wao.

Barza ile haikudumu. Mazungumzo yalihamia Facebook, kisha katika makundi ya WhatsApp, ambako neno la asubuhi limezama ifikapo adhuhuri. Halafu zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizomtaka mwenye blogu Tanzania alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini mwenye kuandika kwa mapenzi tu, asiyechuma hata senti, alikwisha kufunga mlango.

Malumbano ya Mambo Leo bado yanasomeka katika majalada ya maktaba, karatasi zikiwa zimegeuka manjano. Yetu nimeyatafuta mara nyingi. Ukurasa haufunguki, na mimi sikunakili kitu katika daftari, nikidhani kilichokwisha kuandikwa mtandaoni hakipotei. Majibu ya wale wanne yamenitoka yote. Nilichobaki nacho kichwani ni kibwagizo changu, na bado kina mizani saba.