Mashuke: jina la Babeli lililofika hadi Magomeni

Wadau, leo tuache habari za boom na mitihani, niwaletee historia kidogo.

Wengi wetu tuliokulia Temeke na Kinondoni tulizijua nyota kwanza magazetini: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge na wenzao. Jina kubwa la fani hiyo hapa mjini lilikuwa Sheikh Yahya Hussein wa Magomeni, aliyefariki mwaka 2011. Utabiri uuamini usiuamini (mimi siuamini), majina yenyewe ni jambo lingine kabisa.

Chukua Mashuke. Mzungu hapo anasema Virgo, yaani Bikira. Sasa mbona sisi tunataja masuke ya nafaka? Kwa sababu tulipokea kwa Waarabu, ambao wanasema Sunbula, suke. Na nyuma yao iko Babeli, Iraki ya leo. Katika mabamba ya udongo yaitwayo MUL.APIN, yenye elimu iliyokusanywa karibu mwaka 1000 kabla ya Kristo, kundi hilo ni Mfuo wa jembe, na ni suke la mungu wa kike Shala. Simba, Mizani na Nge nao wamo humo. Kugawa njia ya jua mafungu 12 sawasawa kulifanyika hukohuko, karne ya 5 kabla ya Kristo.

MUL.APIN yenyewe maana yake ni Nyota ya Plau! Na orodha yao ya nyota za njia ya mwezi inaanza na zile ambazo wazee wetu wanaziita Kilimia, kutokana na kulima. Jina hilo hatukumkopa mtu. Mkulima popote alipo anaangalia juu kabla ya kushika jembe.

Ndiyo maana inaniuma msomi akisema Mashuke ni ushirikina lakini Virgo ni sayansi. Mashuke ndiyo imebaki karibu zaidi na Babeli!

Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulizipa nchi nafasi ya kutaja nyota. Iraki wakachagua Uruk, na sayari yake Babylonia. Tanzania tukachagua Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Kwa macho matupu huioni, lakini ipo, na jina ni la kwetu. Wajukuu wataulizana limetoka wapi.